Vibarua Walioganda: Kuieleza Hitilafu ya Tarakilishi kwa Kiswahili

Makala haya yananuia kuieleza kwa Kiswahili hitilafu moja ya programu za wavuti ambayo aghalabu huzungumziwa kwa Kiingereza. Dai kwamba Kiswahili hakijitoshelezi kisayansi limezoeleka kujibiwa kwa orodha za istilahi. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka wa 2004 kutokana na kazi iliyofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirisha kuwa menyu za programu nzima zaweza kuandikwa kwa lugha hii. Hata hivyo, kukitaja kitu ni rahisi kuliko kueleza kinavyoharibika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha wakulima wa kahawa huko Gakindu, Nyeri, kina programu ya wavuti. Karani anapopima kahawa na kuingiza kilo, ukurasa humjibu papo hapo. Kazi ya kumtumia mkulima arafa ya kuthibitisha uzani huachiwa michakato mingine iliyo nyuma ya pazia. Hiyo tutaiita vibarua. Siku moja arafa zinakoma. Ukurasa ungali unafunguka, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mkulima aliyeleta kilo 60 anarudi nyumbani bila ithibati, na lawama inamwangukia karani asiye na hatia.

Neno maktaba lisitupotoshe. Katika uandishi wa programu, maktaba ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ambao programu nyingine huuazima. Baadhi ya maktaba huanzisha nyuzi pindi zinapopakiwa, bila kumwarifu mwazimaji. Uzi ni mkondo mmoja wa utendaji ndani ya mchakato. (Mkondo lingefaa pia, ila uzi hutuwezesha kusema nyuzi zimetatana.) Ili nyuzi mbili zisiguse data ile ile kwa pamoja, hutumiwa kufuli.

Hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Katika Linux, mchakato mzazi huweza kupata kibarua kwa kujirudufu. Nakala hurithi kumbukumbu ya mzazi, lakini hubaki na uzi mmoja tu, ule ulioagiza urudufu. Ikiwa wakati huo uzi mwingine ulikuwa umeshika kufuli, mtoto hurithi kufuli lililofungwa, ilhali aliyelifunga hakuzaliwa naye. Akilihitaji, atasubiri milele. Kwa kuwa jambo hili hutegemea sadfa ya muda, programu yaweza kutenda vyema kwa miezi, kisha ikaganda baada ya maktaba moja kupandishwa toleo, kwa sababu tu toleo jipya limeanzisha uzi ambao la zamani halikuwa nao.

Mchunguzi na aanze na kichakataji. Kibarua anayekitumia mno huenda yumo katika kitanzi kisichoisha. Asiyekitumia kabisa anasubiri. Kisha aulize anasubiri wapi. Katika Python, moduli ya faulthandler, iliyomo tangu toleo la 3.3 la mwaka wa 2012, huonyesha mstari ambapo kila uzi umesimama, mradi iwe imewashwa mapema. Vibarua wote wakikutwa mahali pamoja, wakiomba kufuli ndani ya maktaba ile ile, mshukiwa amepatikana. Kuizima na kuiwasha programu kabla ya hapo ni kufukia ushahidi, na kwa bahati mbaya ndilo jambo la kwanza tunalolifanya.

Tiba ni kuzipakia maktaba za aina hiyo ndani ya kibarua, baada ya urudufu, au kuanzisha vibarua upya bila kumbukumbu ya mzazi. Python yenyewe imeelekea huko: tangu toleo la 3.12 la mwaka wa 2023 hutoa onyo mchakato wenye nyuzi nyingi unapojirudufu, na toleo la 3.14 la mwaka wa 2025 liliacha kumrudufu mzazi moja kwa moja kama njia ya kawaida ya moduli ya multiprocessing katika Linux.

Limesalia suala la istilahi. Mkwamo lafaa pale nyuzi mbili zinaposubiriana, kila moja ikishika kufuli la mwenzake. Kibarua wetu anamsubiri asiyekuwepo, na hali hiyo makala haya yameiita kuganda.