Fildi ya Julai Upareni: Moto Gani Utalala Nao Kwenye Gari?

Ukishuka Same mjini saa nane mchana mwezi wa saba, jua likipiga mabati na vumbi la ukanda wa chini likikuingia machoni, mtu akikwambia ubebe mablanketi mawili utadhani anakutania. Mji wenyewe uko karibu mita 870 juu ya usawa wa bahari, upande ambao milima imeunyima mvua. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuendi kufanyia fildi stendi. Tunapanda. Kilele cha Shengena, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, kiko mita 2,462, na kanuni ya jumla ni kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe: kati ya stendi na kilele kuna tofauti ya nyuzi kama 10, na hapo hatujataja ukungu wala upepo wa usiku.

Bahati mbaya ratiba zetu za mafunzo kwa vitendo huangukia Julai mpaka Septemba, wakati Upare wa juu uko kwenye baridi yake. Na kwa kuwa nyumba za wageni ziko mbali na maeneo ya kupimia miti, makundi mengi hulala kwenye gari. Wenzetu wa Ulaya wana magari maalumu yenye vitanda, sinki na jiko. Sisi tunang'oa viti vya Hiace, tunatandika sponji, maisha yanaendelea. Mimi ni wa uhandisi mitambo, na misimu miwili nimepanda na wenzangu wa misitu kama mtu wa vifaa. Swali ninaloulizwa kila mara kabla ya safari ni hili: tubebe kitu gani cha kupasha joto?

Kabla ya bei, kabla ya ukubwa, kabla ya "kinakula mafuta kiasi gani", uliza maswali mawili. Hicho kitu kinavuta hewa ya nani? Na moshi wake kinautema wapi? Kama kinavuta hewa ileile mnayovuta nyinyi na kutema humohumo mlimolala, kiweke nje, hata kama ni kipya kutoka dukani na kina cheti cha rangi tano.

Tuanze na jiko la mkaa, maana ndilo lililopo na ndilo linaloua. Usiku wa kwanza msimu uliopita dereva wetu, mtu mzima na mwenye nia njema kabisa, alilileta mlangoni likiwa jekundu bila hata uzi wa moshi. "Wanangu, limeshakolea, halina madhara." Mama tuliyeegesha uani kwake akamjibu kwa upole kabla sijafungua mdomo: "Kaka, hilo mwachie kuku. Gari si jiko langu." Na kweli, jiko la mama lina paa linalopumua, tundu chini ya ukenchi na mlango usiofunga vizuri. Hiace ina mipira ya milango iliyotengenezwa makusudi ili upepo usipite. Moto uleule, nyumba mbili tofauti.

Kauli ya dereva ndiyo inayosikika hata kwenye mageto yetu, na imesimama kichwa chini. Moshi unaouona ni vitu visivyoungua vizuri mkaa unapowaka mwanzoni. Unawasha macho, unakohoa, unatoka. Kwa maana hiyo ni mlinzi wako. Mkaa ukikolea moshi unaisha, lakini kinachoendelea katikati ya jiko ni kibaya zaidi. Hewa inayoingia chini inakutana na mkaa na kuwa kabonidioksidi. Hiyo inapopanda kati ya makaa mekundu hunyang'anywa oksijeni moja na kugeuka kaboni monoksidi. Ikifika juu ikakuta hewa ya kutosha na joto la kutosha, huungua; ule mwali mdogo wa bluu unaocheza juu ya makaa ndio huo. Usiposhika moto, gesi inabaki chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi. (Wengi huiita hewa ya ukaa. Hapana. Hewa ya ukaa ni kabonidioksidi, ile tunayoitoa puani. Hizi ni gesi mbili tofauti, na kuzichanganya kumefanya watu waamini kwamba mmea kwenye kona utawasaidia.)

Ndani ya mwili inafanya kazi rahisi na ya kikatili. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo kiasi kidogo hewani kinatosha kujaza viti vyote kwenye basi, na oksijeni inabaki stendi. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito. Mlimani kila mtu atasema ni uchovu wa kupanda au ni ile makande ya jioni. Kisha usingizi, na aliyelala haoni dalili.

Kuacha dirisha wazi kidogo? Inasaidia, lakini hakuna anayejua "kidogo" ni kiasi gani kwa jiko lile, usiku ule, upepo ule. Isitoshe saa tisa usiku baridi ikizidi kuna mtu atalifunga, na wala hatawaamsha kuwauliza.

Gesi ya mtungi ni safi zaidi kuliko mkaa, lakini haijibu maswali yetu mawili vizuri. Plate ya kupikia ikiachwa inawaka ndani ya gari inakula oksijeni yenu. Vile vipasha joto vya gesi vinavyobebeka, vyenye kifaa cha kujizima oksijeni ikipungua, ni afadhali, ila kumbuka kwamba kwenye mita 2,000 hewa imeshakuwa nyepesi kwa takribani moja ya tano. Vingine hujizima vyenyewe kila baada ya muda mfupi, na mtu anayetetemeka hushawishika kuchezea hicho kifaa ili kisimsumbue. Halafu kuna maji. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa kilo moja na nusu na ushee ya mvuke. Washa kipasha joto cha wati 1,000 kwa saa saba na utakuwa umemwaga karibu lita moja ya maji hewani; asubuhi bati la ndani linadondosha matone, mablanketi yamelowa, na usiku wa pili una baridi kuliko wa kwanza. Kupasha gari kwa nusu saa mkiwa macho, milango wazi, kisha kuzima na kutoa mtungi nje: hilo nakubali. Kulala nayo, sikubali.

Injini ikiunguruma usiku kucha ili hita ya gari ifanye kazi ni jambo la kusema haraka: usifanye. Gari likiwa limeegeshwa, moshi unazunguka chini yake na kuingia kupitia matundu ya sakafu, ambayo kwenye magari yetu ya mtumba hayakosekani.

Kuna kifaa kimoja kinachochoma mafuta ninachoweza kulala nacho: hita ya dizeli ya kufungwa kwenye gari, aina ambayo Wajerumani wa Webasto na Eberspächer wamezifanya maarufu, na ambayo sasa Wachina wanaitengeneza kwa wingi. Uzuri wake ni kwamba chumba cha moto kimefungwa. Kinavuta hewa kutoka chini ya gari na kutema moshi hukohuko nje, huku feni nyingine ikizungusha hewa ya ndani juu ya bati la moto bila hizo hewa mbili kuchanganyika. Ya wati 2,000 ikiwekwa chini hunywa kama desilita moja ya dizeli kwa saa, kwa hiyo usiku mzima hauishi lita moja. Betri inaumia wakati wa kuwasha tu, kama ampea 10 kwa dakika chache, kisha inadai ampea moja au mbili.

Lakini fundi ndiye atakayeamua kama ni salama. Bomba la moshi lipite mpaka ukingoni mwa bodi, lisiishie katikati ya sakafu. Kiungo chochote cha bomba kikae nje, na tundu la kuvuta hewa liwe mbali na la kutema. Na mlimani, kwa sababu hewa ni nyepesi, pampu inayopima mafuta ya pwani itamwaga mengi mno: moto unakuwa mchafu, masizi yanajaa, hita inagoma. Nyingine zina mpangilio wa kupunguza mafuta ukiwa juu. Ulizia hilo kabla ya kulipa. Kwa gari la idara linalokaa mlimani miezi mitatu, ningeinunua kesho. Kwa kundi la fildi ya siku kumi, ni kupoteza bumu.

Umeme nao? Pima kwa uniti, tunazozijua wote. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina uniti 1.2, na kama ni ya asidi ya kawaida usiitoe zaidi ya nusu. Hita ya feni ya wati 1,000 itaimaliza hiyo nusu kwa dakika 36. Blanketi la umeme la volti 12, la wati 50, litakula uniti 0.35 usiku kucha, na hilo linawezekana kwa mtu mmoja mgonjwa au anayeteseka sana. Mkiegesha uani kwa mwenyeji mwenye umeme, hita ya kawaida ni salama kwa mapafu. Hofu ihamie kwenye waya. Wati 2,000 ni karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa chini ya godoro ni moto unaosubiri. Na hita ya wati 1,000 usiku mmoja ni uniti saba za LUKU ya watu. Mnunulieni mama uniti zake.

Sasa hesabu iliyonifanya niache kutafuta hita. Hiace ina kama mita za mraba 30 za bati na vioo. Likiwa tupu, kila mita inapoteza kama wati 5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukifunika sakafu kwa sponji, vioo kwa maboksi au foili, na ukining'iniza blanketi nyuma ya viti vya mbele, unaweza kushusha mpaka wati 2.5 hivi, yaani 75 kwa gari zima. Ongeza wati 25 za hewa mnayolazimika kuibadilisha, maana watu watano lazima wapumue na vioo viwili vibaki na upenyo. Jumla: wati 100 kwa kila nyuzi. Mtu aliyelala hutoa wati 80 hivi. Watano ni wati 400. Mkipewa kila mmoja lita mbili za maji ya moto, yakipoa kutoka nyuzi 95 hadi 35 hutoa wati-saa 140 kila chupa, sawa na wati 100 kwa wote watano kwa saa saba. Wati 500 gawa kwa 100 ni nyuzi 5. Nje kukiwa na nyuzi 9, ndani mko 14, na hakuna kilichowaka. Kwenye 14, mtu mwenye begi la kulalia, soksi kavu na kofia analala.

Maji chemsheni nje kwa gesi ileile ya kupikia. Tumieni mifuko ya mpira au chupa za chuma zenye kizibo kinachokaza. Chupa za maji ya dukani hujikunja zikikutana na maji ya kuchemka. Ivishe soksi, iweke tumboni au mapajani. Na sponji ya chini ni muhimu kuliko blanketi la tatu la juu, kwa sababu pamba iliyokandamizwa na mgongo wako haihifadhi chochote.

Mkiamua kubeba chochote kinachoungua, bebeni pia king'ora cha kaboni monoksidi, kiwe usawa wa mlipolaza vichwa. Cha moshi hakiigundui gesi hii. Na mkikuta wenzenu wawili au zaidi wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya gari au chumba chenye moto, fungueni milango, watoeni wote nje, hata anayesema yuko sawa, kisha tafuteni usafiri kwenda hospitali yenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa nne au zaidi kupungua nusu kwenye damu. Kwa oksijeni kamili, saa moja na dakika kadhaa. Kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, kwa hiyo kinaweza kuandika 98 kwa mtu anayekufa. Mwambieni daktari mapema, kabla hajauliza, kwamba mlilala na moto.