Je, Ugomvi Wote wa Mume na Mke ni wa Namna Moja?

Mke aliyepigwa anapokimbilia kwa wazee, mara nyingi hupewa jawabu moja: rudi ukavumilie, mtasikilizana. Jawabu hilo hutolewa kwa jina la dini, na kwa hiyo yafaa tulipime.

Mwaka 1995 mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii huko Marekani, Michael P. Johnson, alieleza kwa nini wachunguzi wenziwe walikuwa wakibishana. Waliowauliza watu wote majumbani walikuta wake nao hupiga karibu sawa na waume. Waliowauliza wanawake waliokimbilia nyumba za hifadhi walikuta waume ndio wapigaji. Johnson alionyesha ya kuwa kila kundi lilitazama jambo lake. Iko fujo izukayo katika ugomvi: maneno yanapanda, hasira inashinda, mkono unainuliwa. (Nayo si ndogo, huweza kuua.) Tena uko utawala wa hofu. Mume humnyima mkewe fedha, humkataza kuonana na jamaa zake, humpeleleza, humtisha. Kipigo ni chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo vyake. Na yuko mke apigaye kwa kujitetea dhidi ya mtu wa namna hiyo. Kumhesabu kuwa sawa na mumewe ni dhuluma.

Kurani Tukufu (4:36) yaamrisha awekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Ni dawa njema kwa watu wawili wawezao kusema. Lakini mke anayetishwa atasema nini, hali mumewe ameketi ubavuni pake? Waamuzi na wamsikilize peke yake. Kurani hiyo hiyo (2:232) yamkataza mume kumrejea mke aliyemwacha kwa nia ya kumdhuru. Ikiwa mume mwenyewe hana ruhusa hiyo, wazee wameipata wapi ruhusa ya kumrudisha mke kwenye madhara? Naye Seyidna Ahmad a.s., katika Safina ya Nuhu (1902), aliandika kuwa asiyekaa na mkewe kwa wema si wa Jumuiya yake.

Imesimuliwa katika Hadithi za Abu Daud kwamba Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe, Thabit bin Qais, hata akaumizwa. Thabit hakuwa mtu duni. Alikuwa msemaji wa Ansari. Habiba alimwendea Mtume Mtukufu s.a.w. alfajiri. Mtume s.a.w. hakumrudisha. Alimwita Thabit, akamwamuru azichukue bustani mbili alizompa mkewe kuwa mahari, na aachane naye.