SOMO: KUANDIKA NDANI YA TERMINALI YA LINUX



Ordinatere yenye Linux iko na pahali panapoitwa terminali. Hapo hakuna picha, kuna maandiko tu: unaandika amri, mashine inajibu. Hata mashine ya zamani yenye nguvu kidogo inaweza kazi hiyo. Lakini ukitaka kuandika barua au programu humo, inaomba chombo cha kuandikia. Vyombo hivyo ni vingi, na wengi wanauliza: nichague kipi? Jibu ni hili: chagua kimoja, ujifunze mpaka vidole vikijue. Mshika mbili, moja humponyoka.

1. Vyombo vitatu

nano. Ilianzwa na Chris Allegretta katika mwaka wa 1999. Inaonyesha amri zake chini ya ekra. Alama ^ maana yake ni kifungo Ctrl. Basi ^O ni kuchunga maandiko, ^X kutoka, ^W kutafuta neno, ^K kukata mstari, ^U kuurudisha. Utaweza kuitumia siku ile ile.

vi na Vim. Bill Joy alitengeneza vi huko Berkeley, Marekani, katika 1976. Vim ni mtoto wake. Bram Moolenaar wa Uholanzi aliitoa katika 1991. Bwana huyu, aliyefariki katika 2023, aliwahi kufanya kazi ya maji kule Kibaale, Uganda. Hakuuza Vim. Aliitoa bure, akaomba tu watu wasaidie watoto wa Uganda. Tazameni namna kazi ya akili inaweza kuwa sadaka.

Emacs. Ilianza huko MIT, Marekani, katika 1976. GNU Emacs ya Richard Stallman ilitoka katika 1985. Ni kubwa, inafanya mambo mengi. Kuchunga ni Ctrl-x kisha Ctrl-s. Kutoka ni Ctrl-x kisha Ctrl-c.

2. Sababu gani vi inashinda wengi

Mtu anafungua vi, anaandika, herufi hazitoki, ama mistari inafutika. Anawaza mashine imeharibika. Sivyo. vi iko na hali mbili. Katika hali ya amri, kila herufi ni kazi: x inafuta herufi moja, dd mstari mzima, u inarudisha ulichofuta. Ukitaka kuandika, finya i kwanza. Ukimaliza, finya Esc, utarudi kwa amri. Kwa kutoka: Esc, kisha :wq na Enter kama unataka kuchunga, ama :q! na Enter kama unataka kuacha bila kuchunga. Mwenye kujua haya hatafungwa ndani.

3. Klaviye yetu

Klaviye zetu nyingi ni AZERTY. Kama Linux imepangwa kwa QWERTY, ukifinya A inatoka q, na ukifinya W inatoka z. Amri zote zitakosa njia. Tengeneza hilo kwanza, ndipo uanze kujifunza.

4. Kuran ikikatika

Hili ndilo jambo kubwa kwetu. Katika nano, yote usiyochunga yanapotea pamoja na kuran. Kwa hiyo zoea kufinya ^O kila mistari michache. Vim yenyewe inaandika nakala pembeni, kila herufi 200, ama ukipumzika sekunde 4. Kuran ikirudi, kama maandiko yako yanaitwa barua.txt, andika:

vim -r barua.txt

Mara nyingi utapata karibu yote. Chunga kwa :w, toka, kisha futa nakala ile, yenye jina .barua.txt.swp. Emacs nayo inaweka nakala, jina lake #barua.txt#.

5. Chagua namna gani?

Kama unaandika kidogo tu, mara moja kwa juma, nano inatosha. Kama unataka siku moja kutengeneza mashine za watu, jifunze vi, sababu utaikuta karibu kwa kila Linux. Kama mwalimu ao ndugu yako anajua Emacs, fuata ile, atakusaidia. Hakuna iliyo mbaya. Kibaya ni kubadilisha kila mwezi.

6. Kujifunza

Vim iko na somo lake: andika vimtutor, ama vimtutor fr kwa Kifaransa. Linaomba karibu nusu saa. Kwa Emacs finya Ctrl-h kisha t. Kwa nano, ^G. Jifunze amri mbili kwa siku, si ishirini. Uziandike kwa karatasi, uiweke kando ya mashine. Siku hutaitazama tena, umejua.

MAULIZO

1. Umefungua vi na herufi hazitoki. Utafinya nini?
2. Umefuta mstari mzuri kwa dd. Utaurudisha namna gani?
3. Kuran imekatika ukiandika somo.txt ndani ya Vim. Utaandika amri gani ikirudi?
4. Mwenzako anatumia nano. Utamshauri nini juu ya kuran?

Jaribuni kujibu kwanza bila kutazama somo.