Sauti yako isipotee: Rekebisha sauti ya kompyuta kabla ya kikao cha mtandaoni

Mwenyekiti wa kamati ametaja jina lako. Umefungua kipaza sauti, ukaeleza kuhusu zahanati isiyo na maji na daraja lisilopitika wakati wa mvua. Unapomaliza, unaambiwa: "Hatujakusikia vizuri." Msemaji anayefuata ameshaitwa.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria na katika shughuli nyingine za bunge na kamati zake. Muda wa kutoa maoni nao hauna nafasi ya kurudia. Kwa mfano, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika bungeni kufikia Aprili 30. Anayeandaa ripoti ya kikao cha mtandaoni ataandika kile tu anachokisikia.

Mara nyingi tatizo si kompyuta mbovu bali mipangilio ya sauti ambayo haijaguswa tangu kompyuta iliponunuliwa. Hatua zifuatazo ni za kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11. Tenga dakika 15 kabla ya kikao kuanza.

1. Chagua kifaa unachotumia

Kompyuta moja inaweza kuwa na vipaza sauti vitatu: kilichojengewa ndani, cha hedifoni na cha kamera. Huenda wewe unazungumza karibu na kimoja, nayo kompyuta inasikiliza kingine.

Bonyeza alama ya spika iliyo chini kulia mwa skrini, karibu na saa, kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua "Sound settings". Sehemu ya "Output" ni ya unachosikia. "Input" ni ya unachosema. Chagua kifaa sahihi katika zote mbili. Kisha fungua programu ya mkutano uhakikishe imechagua vifaa hivyo hivyo, kwa kuwa nayo ina orodha yake.

Ikiwa hakuna sauti inayoingia kabisa, nenda "Settings", kisha "Privacy", halafu "Microphone", uone kama programu zimeruhusiwa kutumia kipaza sauti. Hedifoni nyingine pia zina swichi ya kuzima kipaza sauti kwenye waya. Iangalie.

2. Pima kiwango cha sauti inayoingia

Zungumza kama utakavyozungumza kikaoni huku ukitazama mstari unaopanda na kushuka chini ya "Input". Ufike zaidi ya nusu, lakini usigonge mwisho kila unapotamka neno. Ukibaki chini sana, ongeza kiwango kidogo kidogo.

Usikimbilie kuweka 100. Sauti ikizidi uwezo wa kipaza sauti hukatika na kukwaruza, na ikishaharibika hivyo ni vigumu sana kuirekebisha baadaye. Pia, kompyuta haijui mara moja lipi ni neno lako na lipi ni kelele: ukipandisha kiwango, jogoo wa jirani na feni ya kompyuta hupanda pamoja nawe.

Dawa bora ni kusogea karibu. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na kipaza sauti kutoka sentimita 60 hadi 30, sauti yako inayokifikia huongezeka kwa takriban desibeli 6, nayo kelele ya nyuma inabaki ilivyokuwa. Ikiwa upo chini ya paa la mabati na mvua imeanza, huu ndio msaada wa kwanza.

3. Punguza urembo wa sauti

Kompyuta nyingi zina sehemu iitwayo "Audio enhancements", ambayo hujaribu kuboresha sauti. Programu za mikutano nazo huchuja kelele zenyewe. Vichujio viwili vikifanya kazi kwa pamoja, maneno yanaweza kumezwa, hasa ya mwisho wa sentensi. Ukiambiwa sauti yako inaingia na kutoka, zima sehemu hiyo upande wa "Input", kisha ujaribu tena.

Wengine huamini kwamba kuchagua namba kubwa katika sehemu ya "Format" kutaleta sauti safi. Sivyo. Sidii ya muziki hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hicho ni kiwango kinachotosha na kubaki kwa sauti ya mtu anayezungumza. Acha 44,100 au 48,000.

4. Jihadhari na hedifoni za Bluetooth

Umewahi kusikia muziki mtamu kwenye hedifoni za Bluetooth, kisha mkutano ukaanza na kila mtu akasikika kama yuko ndani ya mkebe? Nyingi ya hedifoni hizo hushusha ubora wa sauti pale kipaza sauti chake kinapoanza kutumika. Tumia hedifoni za waya, hata za simu, ikiwa tundu la kompyuta linazikubali. La sivyo, sikiliza kwa Bluetooth lakini uchague kipaza sauti cha kompyuta kwenye "Input".

5. Ondoa mwangwi

Mwangwi hutokea sauti ya spika inaporudi kwenye kipaza sauti. Vaa hedifoni. Ikiwa mko wengi katika ukumbi mmoja, tumieni kompyuta moja kwa sauti, na wengine wote wazime spika na vipaza sauti vyao.

6. Kwa wanaosikia kwa sikio moja

Nenda "Settings", kisha "Accessibility", halafu "Audio", uwashe "Mono audio". Katika Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Ease of Access". Sauti za kushoto na kulia huunganishwa, hivyo hupotezi neno lolote lililotokea upande mmoja tu.

Jirekodi kwanza

Ukimaliza, fungua programu ya kurekodi iliyomo ndani ya Windows. Jirekodi kwa nusu dakika: taja jina lako, wadi yako na hoja yako ya kwanza. Mpe mtu mwingine asikilize bila kumweleza ulichosema. Akiweza kukurudishia hoja hiyo, uko tayari. Akishindwa, rudi hatua ya 2.

Mipangilio haiwezi kutengeneza mtandao dhaifu wala kunyamazisha mvua. Kwa hiyo, hata baada ya kufanya yote haya, andika maoni yako kwenye karatasi na uyawasilishe pia kwa Karani wa Bunge la Kaunti kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa. Maoni ya maandishi yana uzito sawa na ya mdomo, nayo hayakatiki katikati ya sentensi.