Mdogo Wangu, Isome Ile Mistari ya Nyuma

Haya, mdogo wangu, vuta kiti tuongee. Barua zenu kutoka Awendo, Rongo na Ndhiwa zinanijia na kilio kimoja: "Dada, nilienda kortini kudai haki yangu, nikaambiwa kesi isimame, niende kwa msuluhishi. Hata korti imenikataa?" La, mpenzi. Korti imekushika kwa neno lako mwenyewe, ndiyo maana inauma hivyo. Wahenga walishasema ahadi ni deni, na sahihi yako ni ahadi.

Najua ilivyokuwa. Mkataba wa miwa umeletwa, mbegu na mbolea zinasubiri, mvua imeanza, na karo ya watoto haijalipwa. Nani atakaa kusoma kurasa zote zile za Kiingereza? Ukaonyeshwa pa kutia sahihi, ukatia. Sikulaumu, wengi wetu hufanya hivyo. Lakini kule nyuma, baada ya habari za bei na uzani na usafiri, mara nyingi huwa kuna mistari michache inayosema mkikosana, mzozo wenu utaamuliwa na msuluhishi. Majaji wetu huichukulia mistari hiyo kwa uzito uleule wa bei.

Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, kifungu cha 6, inasema hivi: mtu akishtakiwa kwa jambo mlilokubaliana liende kwa msuluhishi, naye akaomba kesi isimame, korti itaisimamisha. Itakataa tu ikiwa makubaliano yenyewe ni batili, au yamekufa nguvu, au hayawezi kutekelezwa, au hakuna mzozo wowote wa kweli kati yenu. Kusema "sikusoma" hakumo katika orodha hiyo, mdogo wangu. Wala kusema "sina pesa." Hapo ndipo moyo wangu huuma, kwa sababu jaji hulipwa na serikali, ila msuluhishi hulipwa na nyinyi mliokosana. Mkulima wa ekari mbili anaweza kukata tamaa hata kabla ya kusikizwa.

Lakini usilie bado. Kifungu hicho kinambana mwenzako pia. Anayetaka kesi isimame lazima aombe mapema, mara tu anapojitokeza kortini kuitikia mashtaka. Akishaanza kujitetea juu ya kesi yenyewe, amechelewa. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Corporate Insurance ilishtakiwa na mteja wake juu ya bima, ikawasilisha utetezi, kisha ikataka kujificha nyuma ya kifungu cha usuluhishi. Mahakama ya Rufaa ikaiambia kwamba kwa kujitetea ilikuwa imeipoteza nafasi hiyo. Mwaka 2001, katika kesi ya Niazsons na China Road and Bridge, mahakama hiyohiyo ikataja mambo ya kutazama: je, anayeomba ameshachukua hatua nyingine katika kesi? Je, makubaliano ni halali na yanatekelezeka? Na je, jambo mnalogombania ni lile mlilokubaliana kulipeleka kwa msuluhishi? Kwa hiyo ukipata wakili, muulize hayo matatu siku ya kwanza. Kuuliza si ujinga.

Sisi wa huku kwenye miwa tuna la ziada. Sheria ya Sukari ya 2001 ilituundia baraza maalum la usuluhishi wa mizozo ya sukari. Sheria hiyo ikafutwa na Sheria ya Mimea ya 2013, kisha Sheria ya Sukari ya 2024 ikalirudisha baraza. Katikati ya kupanda na kushuka huko, wakulima wengi waliolia kwamba miwa yao haikuvunwa kwa wakati waliishtaki kampuni ya South Nyanza Sugar kwa mahakimu, na rufaa zikafika Mahakama Kuu ya Migori. Ndiyo sababu jirani yako anakuapia kwamba yeye alienda kortini moja kwa moja. Hakudanganyi. Ila mkataba wake na mwaka wake si wako, na ukimfuata kwa kufumba macho utagonga mlango usio wako huku muda wako wa kudai unayoyoma. Madai ya mkataba yana miaka 6 tu, nayo haikungoji utafute mlango.

Sasa sikia linalowauma wengi baadaye. Mtu hudhani msuluhishi akikosea, atakata rufaa kama kwa hakimu. Thubutu! Kampuni ya Nyutu Agrovet, iliyokuwa ikisambaza bidhaa za Airtel, ilipewa na msuluhishi zaidi ya shilingi milioni 541 mwaka 2011. Mwaka uleule Mahakama Kuu ikautupa uamuzi huo. Nyutu ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikaambiwa haina haki ya kukata rufaa. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 6 Desemba 2019 ilisema rufaa inawezekana, lakini kwa mlango mwembamba sana, pale Mahakama Kuu inapokuwa imetoka nje ya sababu zilizowekwa na sheria na kumfungia mtu haki waziwazi. Miaka minane ilikuwa imepita, na bado ilikuwa ikirudishwa tu kwenda kusikizwa. Kama kampuni yenye mawakili ilitaabika hivyo, wewe na mimi je?

Kwa hiyo kabla hujatia sahihi msimu ujao, mpendwa, fungua kurasa za nyuma. Tafuta nani atamchagua msuluhishi, mtaketi wapi, na nani atalipa. Kikao kikiwa Nairobi nawe uko Ndhiwa, omba kiandikwe Homa Bay au Migori. Kuomba si kosa, na wakulima kumi wakiomba pamoja husikika. Mkishindwa kukubaliana juu ya mtu, usikubali kuzungushwa hadi uchoke. Na siku utakayopokea uamuzi wa msuluhishi, andika tarehe hiyo juu ya karatasi papo hapo, maana ukitaka Mahakama Kuu iufute una miezi 3 tu tangu siku uliyoupokea.