Somo la Picha: Silueti za Machweo Baharini



Wiki hii tunashika simu zetu kwa kazi nzuri. Wengi tunapenda kupiga machweo, ila picha nyingi zinatoka zimefifia: anga jeupe, na ile nyekundu uliyoiona kwa macho haipo. Dawa mojawapo ni silueti, yaani picha ambayo mtu au kitu kinabaki umbo jeusi tupu, na nyuma yake anga lenye rangi. Ni somo la mkono, lakini kwangu limekuwa somo la moyo pia.

1. Ujue jua liko wapi

Silueti inataka mwanga uwe nyuma ya unayempiga. Mimi napigia Mji Mkongwe, Unguja. Mji huu uko upande wa magharibi wa kisiwa, hivyo ukisimama Forodhani unaliona jua likizama baharini. Ukiwa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga au Mombasa, bahari iko mashariki. Huko jua linachomoza baharini, kwa hiyo amka alfajiri. Kanuni ni ileile.

Chukua mfano wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile wenyeji wanaloliita Minara Miwili. Ukilitazama jioni kutoka kwenye mashua, jua liko mgongoni mwako, na minara imeangaziwa vizuri. Rudi na mashua hiyohiyo kunapopambazuka: minara ni myeusi, na anga nyuma yake linawaka. Minara haijabadilika. Mwanga ndio umehama.

Na usifunge mkoba jua likishazama. Jua likiwa chini, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Bluu inatawanyika njiani, nyekundu na rangi ya chungwa zinabaki. Mara nyingi rangi nzuri kuliko zote zinakuja baada ya jua kupotea. Ila huku karibu na Ikweta jua linashuka karibu wima na giza linaingia haraka. Una kama dakika 20 hivi, basi.

2. Pima mwanga kwa anga, si kwa mtu

Hapa ndipo kwenye siri yote. Simu ikiona mtu yuko gizani, inataka kumsaidia: inaongeza mwanga ili uso uonekane, na anga linaungua. Ikatalie. Gusa anga kwenye kioo, pembeni kidogo ya jua, ushikilie kidole mpaka ijifunge. Kisha, kwenye simu nyingi, itatokea alama ya jua. Iteremshe taratibu mpaka mtu awe mweusi na rangi zirudi. Zima flashi. Zima na HDR, maana kazi yake ni kufufua sehemu zenye giza, na sisi giza hilo tunalitaka.

Mwenye kamera kubwa apime mwanga kwenye anga, aweke fokasi kwenye mtu, na akiona bado kumekucha sana apunguze hatua 1 au 2. Kwa wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, tumia shata ya 1/500 ya sekunde au ya haraka zaidi, wabaki angani kama wamegandishwa. Angalizo: usilitazame jua moja kwa moja kupitia tundu la kamera kubwa. Lenzi inakusanya miale, na jicho likiharibika halina spea.

3. Umbo ndilo linalosema

Ukishaondoa uso na nguo, limebaki umbo tu. Kwa hiyo watu wawili wasisimame wakafunikana. Picha itatoa dude moja lenye vichwa viwili. Waachie nafasi, anga lipite katikati yao. Anayesali ageuke upande, ili mikono yake isimezwe na kifua. Ngalawa ipige inapokuja mbele yako, uone matengo yake kulia na kushoto. Ukiipiga ubavuni, tengo moja linajificha. Tanga nalo lipige likiwa limekuelekea ubapa, upate ile pembe tatu yake.

Wewe mwenyewe chuchumaa. Kichwa cha mtu kikipanda juu ya mstari wa bahari, kinakatwa na anga na kinasomeka.

4. Mama alimjua

Dada mmoja wa kwaya yetu alikuwa anaondoka kwenda bara kuanza malezi ya utawa. Jioni moja kabla hajasafiri tukampiga picha ufukweni, silueti tupu, amesimama anatazama maji. Mwenzetu mmoja akalalamika: "Sasa hii mama yake ataijuaje? Uso hauonekani!" Tukampelekea mama. Aliishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu mwanangu. Anasimama kama marehemu bibi yake." Akaomba isafishwe, iwekwe ukutani.

Vijana, sisi tunahangaika sana na uso. Tunaulainisha kwa programu, tunaung'arisha, tunafuta chunusi, halafu tunahesabu waliopenda. Silueti inauliza swali gumu: uso ukiondolewa, watu watakujua kwa lipi? Kwa unavyoinama kumsaidia mtu? Kwa unavyopiga magoti? Mama alimjua mwanawe bila uso. Mungu anatujua zaidi ya hapo, hata siku ambazo hatutaki kuonekana.

Namkumbuka pia Yohane Mbatizaji. Yeye hakuwa mwanga, alikuja kuushuhudia. Katika silueti nzuri mtu hapotei. Ana nafasi yake, na bila yeye lile anga lingekuwa rangi tu. Lakini hapiganii mwanga uje usoni pake.

5. Heshima kwanza

Silueti inaficha uso, haiondoi ruhusa. Omba kabla ya kupiga. Kwa watoto, zungumza na wazazi wao, na usiandike majina wala mahali wanapoishi unaporusha picha. Adhana ya Magharibi ikilia, wapishe majirani zetu Waislamu waende kusali. Usiwafukuzie na kamera.

Kazi ya wiki

Piga silueti moja tu, ya mtu unayempenda. Mwonyeshe mtu wa tatu bila kutaja jina, uone kama atamjua. Kisha kaa kimya kidogo, usali Masifu ya Jioni, na ukifika kwenye wimbo wa Bikira Maria, usali taratibu.

Tuombe: Ee Bwana, siku imekwisha na uso wangu umechoka. Nisaidie nisimame vizuri mbele ya mwanga wako, ili anayenitazama akuone wewe. Amina.