Sumaku na damu: yapi ya kweli?

Anayekuuzia bangili ya sumaku atakwambia inasukuma damu kwa sababu damu ina chuma. Chuma kimo kweli, ila kimefungwa ndani ya himoglobini na hakina tabia ya msumari. Damu iliyojaa oksijeni hata husukumwa mbali na sumaku badala ya kuvutwa, tena kidogo mno. Hela hiyo kanunue dagaa sokoni Mwaloni.

Kazi ya maana ya sumaku iko maabara. Mwaka 1950, Cambridge, Francis Crick (huyuhuyu wa DNA) na Arthur Hughes waliingiza punje za sumaku kwenye seli za kuku, wakazivuta na kuzizungusha kutoka nje wapime ulaini wa ndani ya seli hizo. Siku hizi zipo chembe za oksidi ya chuma zisizofika nanomita 100. Hupakwa protini ili zishike utando wa seli, kisha sumaku huzivuta, na kinachopimwa ni utando umekubali kuvutika kiasi gani na umerudi upesi gani.

Huku kwetu Kirumba, kando ya ziwa, ulaini wa seli unatuhusu. Seli nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, nayo hujikunja ipite mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa, himoglobini hushikamana, seli hukakamaa na kukwama. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka.

Ila kukaza kwa utando kuna upande wake mwema. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi na wenzao wa Uingereza walionyesha kuwa watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu wana seli zenye utando uliokaza, na kijidudu cha malaria mara nyingi hushindwa kuingia. Hawakutumia sumaku, walitazama kwa darubini utando unavyotetemeka wenyewe.

Vipimo hivi vya ulaini wa seli ni vya utafiti, usiviulizie zahanati. Ulizia kipimo cha selimundu, hasa kama wewe na mwenzako mna vinasaba vyake: hospitali ya Sekou Toure au Bugando watakuelekeza. Mtoto akikutwa nayo hupewa penisilini tangu miezi ya mwanzo, na daktari anaweza kuongeza haidroksiyurea. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi ya ziwani, alale kwenye chandarua. Akipata homa, hata usiku wa manane, mpeleke hospitali, na ukifika tu sema ana selimundu.